Mwandishi na Furaha ya Kusoma

Wako watu wasemao kwamba apendaye kusoma, akijaliwa kuwa mwandishi, furaha yake huongezeka maradufu, kama apendaye samaki anapokuwa mvuvi. Wako na wengine wasemao kinyume cha hayo: kwamba mpishi hakifurahii chakula alichokipika kwa mkono wake, maana amekwisha kushiba moshi kabla ya kukaa jamvini. Rai hizi mbili zimekuwako siku nyingi, na kila moja ina mashahidi wake. Nakusudia kuzipima katika insha hii fupi. Sizipimi kwa ajili ya udadisi tu. Jambo hili liliwahi kunigharimu kitu nisichoweza kukinunua tena, na mtu aliyegharimika huwa na haki ya kuuliza bei ilipandaje.

Nilizaliwa na kulelewa Kwamndolwa, katika nchi ya Korogwe, pale ambapo milima ya Usambara husimama upande mmoja na nyika ya Handeni hutandaa upande wa pili. Katika nchi yetu mahali pengi huitwa kwa jina la mtu: Kwamkono, Kwamsisi, Kwamndolwa. Jina la mji ladhihirisha kwamba alikuwako mtu aliyetangulia kupajenga. Watu hupita, hulima, huzaa na huzika, lakini si wengi wamkumbukao mjenzi. Nalitaja jambo hili mapema, maana litatufaa mbele.

Babangu alikuwa mkata mkonge. Mmea huo uliletwa katika nchi hii mwaka 1893, na tangu hapo umekuwa kwa watu wa Tanga na Korogwe mkate na mwiba kwa wakati mmoja. Baba alitoka alfajiri na kisu chake, akakata majani, akaondoa miiba ya ncha, akafunga matita. Jioni alirudi na mikono iliyochanika kwa miiba na kuwashwa kwa maji ya mkonge. Hakujua kusoma. Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza nyumbani kwetu kwenda shule, na katika mwaka 1964, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, mwalimu aliniruhusu kuchukua kitabu nyumbani kila siku ya Ijumaa. Kitabu cha kwanza nilichokisoma chote, tangu jalada hata jalada, kilikuwa Adili na Nduguze, hadithi ya Shaaban Robert iliyochapwa mwaka 1952.

Nilikisoma kwa sauti, kwa taa ya kibatari, baba ameketi juu ya kigoda, mama yuko jikoni, mlango ukiwa wazi. Yeyote aliyekisoma kitabu kile anakumbuka mambo yalivyo: mfalme Rai anamtuma mjumbe wake, Ikibali, aende Janibu kwa Liwali Adili. Huko mjumbe anagundua kwamba Liwali huyo, ambaye sifa yake ni huruma kwa watu na kwa wanyama, huingia usiku mahali pa siri, akawapiga mijeledi nyani wawili waliofungwa. Kwa nini mtu mwema atende ukatili? Hapo ndipo kila Ijumaa taa ilipokuwa ikitaka kuzimika, na baba alikuwa akiuliza neno lake moja: “Ikawaje?” Nami sikujua ikawaje. Nilikuwa sijafika. Tulilala wote wawili katika ujinga ule ule, tukiwawaza wale nyani, na asubuhi baba alikwenda zake shambani akiwa na jambo la kuwasimulia wenziwe njiani.

Yafaa tuiangalie furaha ile kabla hatujasema kwamba ilipotea, maana haiwezekani kutafuta kitu kisichojulikana umbo lake. Naona ilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ni kujisahau: sikuwa mtoto wa Kwamndolwa mwenye deni la kuchota maji, nilikuwa Janibu. Ya pili ni kuamini: mambo yaliyoandikwa nilidhani yamekuwa, na hayakuweza kuwa namna nyingine, kama mvua iliyokwisha kunyesha haiwezi kurudi juu. Ya tatu ni ushirika: furaha ile haikuwa yangu peke yangu. Ilikuwa imelazwa kati ya watu watatu kama sinia, na kila mmoja alikula kwa upande wake.

Nilipokuwa kijana nilianza kutunga. Safari hii ni ya wengi katika nchi yetu. Tangu gazeti la Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923, wasomaji wake hawakukaa kimya kama wateja dukani. Mtu alisoma shairi la mwenziwe aliye mji wa mbali, likamwuma au likampendeza, akatwaa kalamu akajibu kwa vina vile vile. Kwa hiyo ukuta baina ya msomaji na mwandishi kwetu haukuwa mrefu. Ulirukwa kila mwezi na makarani, walimu, mapolisi na mabaharia. Nami niliuruka. Shairi langu la kwanza lilichapwa gazetini nikiwa na miaka ishirini na mbili; baadaye nikaandika hadithi fupi fupi, na hatimaye kitabu kidogo ambacho watu wachache walikinunua na wachache zaidi walikimaliza.

Mabadiliko hayakuja kwa kishindo. Siku moja niliona kwamba nimefika mwisho wa ukurasa bila kujua mtu wa hadithi amekwenda wapi, lakini nilijua vema mwandishi ametumia sentensi ngapi kumfikisha mlangoni. Siku nyingine nilicheka mahali pa kuchekesha, lakini kicheko changu kilikuwa cha fundi anayeona kiungo kilichopachikwa vizuri, wala si cha mtu aliyechekeshwa. Kisha nikawa na daftari. Kila nilichosoma nilikisoma na kalamu mkononi: methali hii itanifaa, mwanzo huu ni mwema, kosa hili nisilifanye. Nilikuwa naingia katika vitabu vya watu kama mtu aingiaye shamba la jirani na kikapu.

Katika siku hizo ndipo nilipojua jambo jingine. Nilipata kusoma hadithi za Alfu Lela Ulela, nikakuta humo habari ya Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra, aliyekuwa akiwapiga mijeledi kila usiku mbwa wawili, na mbwa hao ni nduguze waliogeuzwa. Khalifa Harun al-Rashid anamtuma mjumbe kwa sababu ya kodi, na mjumbe anaigundua siri. Nilikaa kimya kwa muda mrefu. Basra imekuwa Janibu, khalifa amekuwa mfalme Rai, mbwa wamekuwa nyani. Nilijiona kama mtu aliyeonyeshwa kwamba nyumba aliyozaliwa imejengwa kwa mawe ya nyumba nyingine. Nikasema moyoni: kumbe baba nami tulilala na njaa ya “Ikawaje?” kwa jambo ambalo lilikwisha kuwa zamani, mahali pengine, kwa wengine.

Sasa naifikia gharama niliyoitaja. Mwaka 1989 baba aliugua kifua. Alikuwa amelala kitandani wiki nyingi, na jioni moja aliniambia, “Mwanangu, nisomee ile ya nyani.” Nilikuwa nimekuja kutoka kazini kwa siku chache. Nilikitafuta kitabu, nikakipata, nikaketi karibu naye. Nilianza kusoma kwa sauti kama zamani. Lakini sikuwa yule wa zamani. Nilisoma kurasa mbili, nikasimama. Niliona namna Shaaban Robert alivyopanga maneno mawili mawili kama mizani ya dukani, nikataka kuliandika jambo hilo kabla halijanitoka. Nikatwaa kalamu. Baba akauliza, “Ikawaje?” Nikamwambia, “Ngoja kidogo, baba.” Nikaandika. Nikasoma tena ukurasa mmoja, nikasimama tena, maana nilikumbuka Basra na mbwa, nikawa nalinganisha. Baba hakuuliza mara ya pili. Alipokwisha kunitazama kwa kitambo alisema kwa sauti ndogo: “Unahesabu singa.”

Neno hili linahitaji kuelezwa kwa wasiozaliwa penye mkonge. Jani la mkonge likipitishwa katika mashine tuiitayo korona hutoka singa, na singa zikisokotwa huwa kamba. Mtu wa shamba akiiona kamba huweza kujua, kwa kuigusa tu, kama singa zake ni ndefu au fupi, kama zilioshwa vema au zilibaki na uchafu. Baba alikuwa hodari wa kujua hayo, na aliufurahia ujuzi wake. Lakini aliniambia usiku ule, akipumzika baina ya neno na neno: “Mimi kamba naijua kuliko wewe. Lakini mtu akitumbukia kisimani sihesabu singa. Navuta.” Kisha akageukia ukutani akalala. Kesho yake nilirudi kazini nikiwa nimeahidi kwamba nitakuja kumalizia. Alifariki kabla ya mwezi kwisha. Hadithi haikumalizika.

Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba ujuzi ndio uliotenda dhambi ile. Nilijiambia kwamba laiti nisingalikuwa mwandishi, ningalimsomea babangu kama mtoto amsomeavyo mzaziwe. Wako wanafunzi wengi, nao nimewasikia, wanaoungama jambo kama hili kwa namna yao: kwamba walipenda riwaya mpaka walipofundishwa kuichambua, walipenda mashairi mpaka walipoagizwa kuhesabu. Basi tuuite ujuzi mbele ya baraza tuuhoji, maana si haki kumhukumu mtu kwa kuwa alionekana karibu na mahali pa tendo.

Tuanze na ushairi, maana huko ujuzi una hesabu iliyo wazi. Shairi letu la kawaida lina mizani kumi na sita katika kila mstari, nane kwa nane, na vina katikati na mwisho. Sheikh Amri Abedi aliziandika kanuni hizi katika kitabu chake cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, na wengi wamejifunza kwacho. Mtu asiyejua kanuni akisikia shairi likiimbwa hufurahi, wala hajui kwa nini. Anayejifunza kutunga hupoteza furaha hiyo kwa muda: amekaa katika hadhara, wenziwe wanatikisa vichwa, yeye anakunja vidole chini ya kanzu, nane, nane, hapa limepungua moja. Huyu kweli amefilisika. Lakini mtazame malenga mzee katika hadhara ile ile. Yeye hahesabu. Sikio lake limekwisha kuwa na mizani ndani yake kama mguu ulivyo na njia ya kwenda nyumbani. Shairi likipungua anashtuka, likitimia anatulia, na mtungaji akifanya jambo gumu kwa wepesi, yeye ndiye wa kwanza kupiga kite cha furaha, maana ndiye pekee anayejua ugumu ulikuwa wapi. Kwa hiyo ujuzi mchanga huondoa furaha, na ujuzi mpevu huirudisha pamoja na faida. Kama ujuzi ungalikuwa sumu, aliyekunywa zaidi angalikufa zaidi.

Tena tutazame watu walioandika kwa sababu ya kusoma. Mwalimu Julius Nyerere alifasiri mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar, ukachapwa mwaka 1963. Kufasiri ni kusoma kwa mwendo wa polepole kuliko mwendo wote: hakuna neno linaloweza kurukwa, maana kila neno linadai nafasi yake. Mtu angalidhani kwamba aliyekwisha kupita katika tanuri hilo hatataka tena kukiona kitabu. Naye alikuwa na nchi changa mabegani mwake. Lakini alikirudia, akaitengeneza tafsiri yake, ikatolewa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka ule ule akatoa Mabepari wa Venisi. Asiyeonja utamu harudi chunguni. Shaaban Robert naye aliwafikishia Waswahili Omar Khayyam, kutoka katika Kiingereza cha FitzGerald. Na Euphrase Kezilahabi, ambaye katika Kichomi cha mwaka 1974 aliviacha vina na mizani vilivyopendwa na wakubwa wake, mwaka 1976 aliandika tasnifu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam juu ya riwaya za Shaaban Robert. Aliona vema kwamba njia yake si ya mzee yule, na hata hivyo alikaa naye miezi na miaka, akimsoma. Hatuwezi kusema kwamba uandishi uliwafunga macho watu hawa.

Basi kama si ujuzi, ni nini? Nimelitafakari jambo hili, na jibu nimelipata mahali pa aibu, yaani katika kitabu kile kile. Wale nyani wawili wana majina. Mmoja ni Hasidi, wa pili ni Mwivu. Walikuwa ndugu wa Adili, wakala kwake, wakasafiri naye, na walipoona amepata wasichopata wakamtosa baharini. Nilipokuwa mtoto niliwaona kuwa watu waovu wa nchi ya mbali. Nilipokuwa mwandishi nilistahili kuwatambua, maana walikuwa wakiishi kwangu.

Mwandishi anapomsoma mwandishi mwenziwe, mara nyingi anasoma kama ndugu wa Adili. Akiona kilicho kizuri huumia kwamba si chake. Akiona kibaya hufurahi, na furaha hiyo humdanganya kwamba anafurahia kusoma. Baina ya mambo hayo mawili hutafuta cha kuchukua. Hapa ndipo kosa lilipo. Ujuzi huuliza, “Jambo hili limefanywaje?” Swali hili ni safi, ni kama la mtoto afumuaye mkeka aone ulivyosukwa. Lakini uroho huuliza, “Litanifaa nini mimi?” na husuda huuliza, “Kwa nini yeye?” Maswali haya mawili hayakitazami kitabu hata kidogo, yanamtazama anayeuliza. Sehemu ya kwanza ya furaha tuliyoitaja ni kujisahau, na mtu ambaye kila ukurasa anajikumbuka atajisahauje? Usiku ule penye kitanda cha baba kalamu yangu haikuwa ikimtumikia Shaaban Robert, wala babangu. Ilikuwa ikitafuta namna ya kunikuza mimi.

Ushahidi wa jambo hili umo katika ngano za wazee wetu. Katika Uzigua na Usambara, hadithi ya Mbegha, mwindaji aliyefukuzwa kwao Unguu, akapanda milimani akiwagawia watu nyama hata wakamtawaza Vugha, ilisimuliwa vizazi vingi kabla ya Abdallah bin Hemedi kuiandika katika Habari za Wakilindi. Kila aliyeisikia aliweza kesho yake kuwa msimulizi. Kila msikilizaji alikuwa mtungaji aliye njiani. Je, walipoteza furaha ya kusikiliza? Hata kidogo. Wazee waliojua hadithi kumi walikaa kusikiliza ya kumi na moja kwa masikio ya watoto, na wakiisikia hadithi yao wenyewe kinywani mwa mwingine, wakapenda. Tofauti yao na sisi ni moja: ngano haina jina la mtu juu ya jalada. Hakuna wa kuonewa wivu. Ni kama mji wetu wa Kwamndolwa: wote twaishi humo, twaupenda, twautengeneza kila mtu kwa jembe lake, wala hakuna agombanaye na Mndolwa kwa kuwa aliutangulia.

Siwashauri watu waondoe majina katika vitabu. Jina la mwandishi ni haki yake, na jasho lina mwenyewe. Lakini nasema kwamba anayesoma aweza kulisahau jina lake mwenyewe kwa saa moja, na hilo latosha.

Imebaki sehemu ya pili ya furaha, yaani kuamini. Hapa nakiri kwamba kuna kitu kilichokwenda na hakirudi. Mtoto huamini kwamba mambo ya hadithi hayakuweza kuwa mengine. Mwandishi anajua kwamba yaliweza. Amekaa mbele ya karatasi tupu, anajua kwamba mtu wa hadithi angaliweza kufa au kupona, kusamehe au kulipiza, na kwamba mkono mmoja ulichagua. Hawezi tena kujifanya hajui. Hasara hii ni ya kweli, wala sitaifunika kwa maneno mazuri. Lakini mahali pa kuamini huja kitu kingine ambacho mtoto hana, nami sikukijua mpaka nilipofundishwa na mama.

Miaka minne baada ya baba kufariki nilikuwa nyumbani Kwamndolwa, tukipanga vitu vya zamani. Mama alikiona kitabu kile, akakishika kwa mikono miwili, akasema: “Hiki ndicho cha wale nyani. Hukumalizia.” Nilishangaa. Nilidhani miaka yote ile tulikuwa wasomaji wawili, baba na mimi. Kumbe aliyekuwa jikoni alikuwa akisikia kila neno, na usiku wa mwisho alikuwa nyuma ya mlango. Akaniuliza: “Waliokoka?”

Nilikuwa najua jibu tangu utoto, lakini swali lake lilinishtua, maana sasa nilijua majibu mawili. Katika hadithi ya Alfu Lela Ulela wale ndugu hawaokoki. Wanarudishwa katika utu, wanasamehewa, kisha husuda inawarudia, wanamwua ndugu yao aliyewaombea, nao wananyongwa. Shaaban Robert aliipokea hadithi ikiwa na mwisho huo. Njia ilikuwa imekwisha kukatwa mbele yake, mti wa kunyongea umesimamishwa. Naye akageuka. Katika kitabu chake Hasidi na Mwivu wanarudi kuwa watu, wanatubu, na toba yao inasimama. Nilipokuwa mtoto msamaha ule nilipewa bure, nikaupokea kama mvua. Nilipokuwa mwandishi asiye na shukrani niliona tu kwamba hadithi imeazimwa. Lakini mbele ya mama niliona kwa mara ya kwanza kilichotendeka: mtu mmoja wa Tanga, ameketi na kalamu yake, aliwahurumia wabaya wawili ambao hadithi ya kale ilikuwa imewanyonga.

Msomaji huona lililotokea. Mwandishi huona lililochaguliwa. Na uchaguzi mwema, ukiujua kwamba ulikuwa uchaguzi, unagusa moyo kuliko tukio. Elimu ya Basra na mbwa wake, niliyoilaumu kwamba ilinivunjia nyumba, ndiyo iliyonionyesha mahali mjenzi alipoweka dirisha.

Nilimwambia mama, “Keti, nikusomee.” Nikasoma tangu mwanzo, kwa sauti, jioni tatu. Sikuwa na kalamu. Haikuwa rahisi, mara kadhaa jicho langu lilitaka kusimama, lakini sauti ni kama gari moshi, haiwezi kushuka njiani kuokota maua. Mama aliposema “Ikawaje?” nilijibu kwa kusoma. Nilipofika penye msamaha nilikawia kidogo, maana koo lilikuwa zito. Mama alidhani namkumbuka baba. Ilikuwa kweli, ingawa haikuwa kweli yote.

Yawezekana msomaji wa insha hii, hasa mwanafunzi, akanipinga. Atasema: “Kazi yangu ni kuhesabu singa. Nimetumwa na mwalimu wangu; mtihani haunihoji kama nililia.” Pingamizi hili ni la haki. Elimu ya fasihi haiwezi kwenda bila watu wa kufumua na kupima, na bila wao mimi nisingalijua habari ya Basra. Lakini hata babangu hakusema kwamba singa zisihesabiwe. Alizihesabu yeye siku zote. Ndivyo alivyojua kamba gani itakatika. Alisema kwamba kuna saa ya kuhesabu na saa ya kuvuta, na kwamba asiyeweza kuzitenga saa hizo hajaijua kamba, hata ajue singa zake zote. Apimaye kamba apime kwa sababu kuna siku itakuwa na mtu mwisho wake.

Kwa hiyo, kwa swali tuliloanza nalo, nasema hivi. Uandishi hubadili furaha ya kusoma kwa lazima. Hutwaa kuamini kwa kitoto, wala haukurudishi. Huleta kipindi cha kuhesabu kwa vidole, ambacho ni kigumu lakini hupita kwa mwenye subira. Badala ya kilichokwenda hutoa uwezo wa kuona chaguo la mtu mwingine na kulistahi. Haya yote ni kazi ya ujuzi, na ujuzi hauna hatia. Lakini uroho na husuda huja kwa mlango ule ule, vimevaa nguo za ujuzi, navyo havibadili furaha bali huiua. Hao wawili yafaa kila mwandishi awajue kwa majina yao, na kila usiku afungapo daftari lake awaangalie kama wamefungwa.

Kuhusu sehemu ya tatu, yaani ushirika, sina la kujifunza kwa mtu, maana nimefundishwa na kifo. Kila niendapo Kwamndolwa sasa nachukua kitabu, nakisoma kwa sauti barazani, kwa yeyote aliyepo: mjukuu, jirani, mgeni aliyekuja kuomba maji. Wengine huondoka katikati, wala sijali. Mara nyingine huwa naufikia ukurasa ulio mzuri mno, na mkono wenyewe huanza kuutafuta mfuko wa kalamu. Hapo huisikia sauti iliyogeukia ukutani, nikaendelea kuvuta.